Pinyo Yenye Haikurudi Motoni

Kasongo, 4 Februari 2024

Mudogo wangu Aziza,

Salaam kwako, kwa shemeji Amuri na watoto. Malaria ya Djamila imepona? Huku tuko wazima, Mungu asifiwe.

Joël wa piki-piki anakuletea pinyo, ile gurudumu ya meno ya mashini yenu ya kusaga mihogo. Niliipasha moto mupaka ikawa nyekundu, nikaizamisha mu mawese. Meno yamekuwa magumu, tupa inateleza juu yake. Lakini haijamalizika! Joël hawezi kungoja, mvua itamufungia njia. Ikibaki vile itavunjika kama sahani. Muizike mu muchanga wa moto, mu sufuria, juu ya makala kidogo. Mbele ya kuizika, mukwaruze jino moja lingae, mulichungulie. Likipata rangi ya majani makavu, muitoe, ipoe yenyewe. Tafadhali, Aziza, kabla ya kuifunga.

Yaya wako, Faradji

Kabambare, 19 Februari

Yaya Faradji,

Salaam. Djamila amepona. Mimi siko muzima hata kidogo.

Nilimusomea Amuri barua yako, akacheka: "Chuma kimeshakuwa kigumu, tukirudishe mu moto kikuwe laini tena? Yaya wako anazeeka." Nilibishana naye, wee! Akaifunga vile vile. Mihogo ilipoingia tu, jino likaruka, likamupiga Dady, baba wa watoto wane mwenye kutusagia. Jicho limekufa.

Ndugu zake walikuja na mapanga. Amuri akawaambia pinyo ilitoka Kasongo ikiwa mubaya, wakatulia. Wakijua ni yeye, watatuchomea nyumba. Yaya, ninakupigia magoti: wakikuuliza, kubali.

Mudogo wako, Aziza

Kasongo, 27 Februari

Aziza,

Habari ya huko imeniumiza. Pole sana kwa Dady. Nimemutukana Amuri peke yangu mu atelie yangu ya kufua chuma mupaka majirani wakachungulia. Lakini sitaki watoto wako walale inje. Sema ni mimi. Hasira ikishuka, Amuri aende mwenyewe aseme kweli.

Yaya wako

Kasongo, 16 Aprili

Aziza,

Muko wazima? Watoto je? Sijapata jibu.

Ndugu ya Dady alifika hapa sokoni, akapiga kelele mbele ya watu wote. Nikakubali, kama ulivyoomba. Tangu siku ile hakuna mutu anayeniletea kazi. Wananirudishia hata pinyo zenye ziko nzima! Bibi yangu, wifi yako, ananiuliza kwa nini nimebeba kosa la mutu mwingine. Tumenyonya ziwa moja, Aziza. Mwambie Amuri aseme. Akikataa, sema wewe.

Yaya wako, Faradji

Kabambare, 2 Juni

Yaya Faradji,

Salaam nyingi kutoka kwetu wote. Natumaini wewe na wifi muko na afya. Sisi hatujambo, watoto wanasoma vizuri, mihogo imezaa sana mwaka huu.

Mashini inasaga tena. Amuri alinunua pinyo ingine Bukavu, kwa fundi mwenye watu wanamwamini. Haina shida.

Ile neno tuiache kwanza, yaya. Huku watu wamesahau.

Mudogo wako anayekupenda, Aziza