Lakiri ya Mzee Barasa

Jumatatu, 3 Machi

Wewe kitabu, nakuomba. Neno nitakaloandika humu likae humu. Mama asijue, bosi asijue, hata dada Athieno wa meza ya pili asijue. Nikipoteza ukarani huu wa forodha hapa mpakani, kijiji chetu cha Dabani kizima kitasema nilisomeshwa bure.

Leo malori saba. Kazi yangu ni kwenda uwanjani, kusoma namba ya lakiri iliyofunga mlango wa kila lori, na kuiandika kwenye hati. Mara moja tu. Lori la tatu nimelirudia mara tisa. Nikifika mezani moyo unaniambia nimekosea. Najua sijakosea. Narudi.

"Karani, hiyo lakiri unaioa lini?" Mzee Barasa huyo, dereva wa lori hilo, wa upande wa Kenya. Uwanja mzima ulicheka. Nami nilicheka. Kisha nikarudi tena.

Sikula. Nimekuta chapati kwenye droo. Athieno. Ndiye aliyeiweka.

Jumatano, 5 Machi

Imekatika.

Lakiri ya mzee Barasa, lori lake bado liko uwanjani. Ya plastiki. Mara ya kumi na moja niliivuta kidogo, nihakikishe imeshika. Ikabaki mkononi. Mwenyewe alikuwa anakunywa chai. Niliitia mfukoni nikaondoka.

Alasiri ofisa aliona mlango hauna lakiri. Sasa wanasema mzee ameiba sabuni aliyoibeba. Lori limezuiwa, mzigo wote utashushwa. Ameketi chini, kwenye kivuli cha lori lake. Hatanii mtu. Nilipita mbele yake. Sikusema.

Alhamisi, 6 Machi

Sijaenda kazini. Nimezima simu. Asubuhi nilitamani nisingeamka. Nimeliandika, silifuti.

Saa nne mlango uligongwa. Athieno. Ofisini huniita karani kama wengine. Leo aliniita Wandera, akaketi sakafuni. Nikaitoa lakiri mfukoni. Nikamwambia yote, hata lile la kutoamka. Akaniuliza wazi kama nataka kujiua. Nikasema sijui. Hakushtuka. Kuulizwa tu kulinipa pumzi.

Kila mwezi yeye huenda Tororo. Sisi humtania kwamba ana bwana kule kwenye kiwanda cha saruji.

"Bwana gani, mjinga wewe? Naenda kwa mshauri, kliniki. Mwaka wa pili huu. Tunakaa benchi moja na watu wa presha, hakuna anayekutazama."

Alikataa kuondoka mpaka kaka yangu Ouma alipofika. Ouma atalala hapa.

Ijumaa, 7 Machi

Mimi na Athieno tulikwenda kwa ofisa. Niliweka lakiri mezani, nikasema. Bosi amenipa barua ya onyo. Sikufa.

Mzee Barasa aliachiliwa saa saba. Nilidhani atanipiga. Alinishika bega.

"Mama watoto wangu alikuwa anaosha mikono mpaka ngozi inatoka. Alitibiwa. Mbona hukusema, kijana wangu? Na chai utaninunulia, siku mbili nimelala chini ya lori."

Nilimnunulia. Na mandazi manne.

Jumanne, 11 Machi

Tororo, na Athieno. Mwamba mkubwa wa mji unaonekana kwenye dirisha la kliniki. Mshauri alisema hofu yangu ni ugonjwa unaojulikana, wengi wanao, unatibika. Nilimwamini nusu. Amenipa zoezi: soma namba mara moja, ondoka, acha hofu ipande mpaka ishuke yenyewe. Lile la kutoamka nalo aliliandika, akaniuliza nani yuko karibu nami. Nilitaja watu wawili bila kufikiri. Nilishangaa.

Nitarudi Jumanne ijayo.

Ijumaa, 14 Machi

Malori matano. Manne, mara moja moja. La tano, mara tatu. Si mbaya.

Ukurasa huu nauchana nimpe Athieno.

Dada, ukiona sipo mezani, usipige simu. Sitapokea. Anza uwanjani, nyuma ya malori. Nisipokuwepo, njoo chumbani. Gonga hata nikinyamaza. Ouma ana ufunguo wa pili. Niite Wandera, usiniite karani. Uniulize wazi, kama siku ile.

Nitakujibu.