Mkono wa Baba kwenye Picha ya Mto

Kipara, acha hiyo kazi usome. Nimeishiwa nguvu.

Unakumbuka Jumapili nilimpeleka baba mtoni na ile kamera yangu ya mkanda? Baridi ilikuwa ya kukata masikio. Nikamkalisha kwenye jiwe, nikaiacha kamera wazi sekunde thelathini ili maji yatoke kama moshi. Mkono wake wa kulia ukawa unachezacheza gotini. Nikamfokea: "Baba, tulia bwana! Unaniharibia picha!" Mara tatu nilimfokea. Mara tatu, Kipara!

Leo nimeisafisha picha bafuni. Jiwe limetulia, kofia imetulia, uso wake safi kabisa, hata mkono wa kushoto. Wa kulia haupo. Umekuwa moshi, sawa na maji.

Nikamwita nimtanie. "Mzee, baridi imekula mkono wako."

Akaitazama weee. Akasema, "Baridi hutikisa mwili mzima, mwanangu. Haichagui mkono mmoja."

Nikamuuliza tangu lini.

"Mwaka jana. Daktari kasema hauponi, utazidi tu."

Fundi cherehani, Kipara! Huo ndio mkono wa mkasi! Kumbe ndiyo maana kila asubuhi anamwita mama amtungie uzi, anasingizia macho.

Akaondoka. Mlangoni akageuka: "Mama yako asiione hiyo."

Sasa picha inachuruzika maji kwenye kamba, na mama yuko nje na ndoo yake ya kuogea, anagonga. Anauliza mume wake katokaje pichani.

Nimekaa kando ya beseni la dawa. Nasikia cherehani ya baba chumba cha pili, inaanza, inasimama.