Kiti cha Kwa Mama

Nyumba za Walimu,
Mlango wa Tatu,
Jumapili, 9 Machi.

Mpendwa mdogo wangu, kitindamimba wetu,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, na ile baridi uliyoilalamikia imeshakuzoea, kama si wewe kuizoea. Mikono yako je? Ulisema sabuni ya kufulia mashuka ya hotelini inakuchubua. Pakaa mafuta, usingoje ngozi ipasuke. Huku kwetu hatujambo. Mama yetu meno yake mapya yanambana, basi anayavaa wageni wakija tu. Shemeji yako fundi saa anaendelea kutengeneza saa za watu, na ya ukutani kwetu imesimama tangu mwezi uliopita.

Mwanao Chiriku mzima, na jina bado linamfaa. Anaongea tangu anapofumbua macho mpaka usingizi umkatize maneno. Jino la mbele limeng'oka, lakini halijampunguzia kasi.

Sasa nikueleze lililonifanya nishike kalamu, maana kwenye simu ningelia.

Uliponiambia umeshamkatia tiketi, na kwamba mhudumu wa ndege atamshika mkono mpaka akufikie, nilijiambia nimwandae. Kifaransa ndicho ninachofundisha, na darasa lake lilikuwa limefika kwenye somo la kusema unakokwenda. Nikapanga viti mbele ya darasa. Kimoja soko, na kikapu juu yake. Kimoja posta, kingine duka la dawa. Cha mwisho nikakitandika ule mtandio wako wa kijani uliouacha, nikawaambia hapo ni kwa mama. Mimi nauliza, "Tu vas où?", yaani unakwenda wapi, na mtoto anajibu huku anakwenda. Ungewaona! Mmoja alitangaza kwamba anakwenda sokoni, akaishia duka la dawa. Wenzake wakasema bei ya nyanya imemtia homa.

Ikafika zamu ya Chiriku. Akasema bila kujikwaa, "Je vais chez maman", nakwenda kwa mama. Akaupita mtandio wako, akaizunguka meza yangu, akanikalia mapajani. Mimi, ambaye siku zote huniita mama mkubwa.

Darasa zima likacheka. "Mwalimu, huyo kapotea njia!" Akawajibu kwa Kiswahili, tena kwa hasira, "Sijapotea mimi!"

Mdogo wangu, sitakuficha. Kwanza nilifurahi. Nilimkumbatia palepale mbele ya watoto wa watu, nikasahau kwamba nina somo. Furaha hiyo ndiyo inayoniuma mpaka leo. Ulimwacha hajaota hata meno, ukaenda kumtafutia maisha. Wewe ulipanda, mimi nikavuna, na nikaona ni tamu.

Jioni nikiwa namsuka nilimwuliza, kwa mama yako ni wapi? Akanijibu, "Mama yule anakaa kwenye simu." Wala hakusema kwa uchungu. Alisema kama mtu anayekuonyesha chumvi ilipo. Nilimwachia nywele nusu, nikatoka nje nikajifanya naanua nguo.

Wanasema majuto ni mjukuu. Wangu amekuja kabla sijawa bibi. Mwaka ule ulipoahirisha likizo nilikuambia usijali, mtoto yuko mikononi mwangu. Nilidhani nakusaidia. Ningekuambia njoo hata kwa siku chache, ulale naye, akujue harufu. Sikusema, na miaka imekwenda. Maji yakimwagika hayazoleki.

Lakini yaliyobaki kwenye ndoo bado ni yetu. Nakuomba usimtume mhudumu wala mtu mwingine. Mtoto si kifurushi. Najua msimamizi wako ni mgumu kutoa likizo. Mwombe tena, na akikataa mwombe tena. Isogeze tiketi mbele, uje mwenyewe ukae naye. Umwogeshe, umgombeze, akununie, akuzoee, kisha muondoke pamoja. Hapo sanduku lake nitalifunga mimi. Ila kumpandisha ndege peke yake aende kuishi na sauti ya kwenye simu, hilo sitaliweza. Najua utakasirika. Kasirika, lakini njoo na hasira zako.

Nasikitika kukuandikia hivi wewe unayechubuka mikono kwa ajili yake. Sisemi hukumpenda. Nasema hakuonyeshwa, na mimi nilikuwa na nafasi ya kumwonyesha nikaichezea.

Mama anakusalimu sana, pia shemeji yako, na jirani yetu mshonaji, anayesema gauni la safari liko tayari na pindo ameliacha refu kwa kuwa mtoto anarefuka. Mungu akulinde kazini, na akikufungulia njia ya kuja akulinde na njiani.

Chiriku nilimpa kalamu akuandikie salamu, akakataa. Ameuliza tu kama ukija utalala chumbani kwake. Nimemwambia ndiyo. Tafadhali, usinifanye mwongo mbele ya mwanao.

Wako akupendaye siku zote,
Dada yako mkubwa.