Pweza wa Shimo la Shangazi

Jumanne, 23 Septemba 2025
Bamvua, maji yamekupwa mpaka mbali. Mwamba umefungwa usivuliwe pweza, huu mwezi wa tatu sasa; kamati ya kijiji imeniruhusu mimi tu, nihesabu mashimo ya pweza kwa utafiti wangu wa chuo. La kumi na moja ni la Shangazi Mwanahija, alirithi kwa mama yake. Ndani pweza jike, na mayai! Yananing'inia kama punje za mchele kwenye uzi. Anayapulizia maji, hachoki. Nimemsogezea kaa. Kamsukuma nje kwa mnyiri mmoja, kwa adabu kabisa.

Jumapili, 28 Septemba
Kaa wa pili — kakataa. Nimesoma mpaka macho yanauma. Karibu na macho yake kuna tezi mbili ndogo. Akishataga, kemikali zake zinauambia ubongo: usile, linda. Wataalamu waliwahi kuzikata. Mama akayaacha mayai, akala, akaishi zaidi. Na serotonini anayo, dopamini anayo, kemikali zilezile zilizomo kichwani mwangu! Mnyama asiye na mfupa hata mmoja! Nampenda, basi.

Nimemsimulia Shangazi. Kacheka. Eti nilipolazwa na degedege, siku nne hakutia kitu kinywani — na yeye ana tezi? Lakini mwamba ukifunguliwa ataanza na shimo lake, kasema wazi. Eti mwenye mayai si hufa tu baadaye, wakamfaidi samaki mikunga? Nimemsihi amwache mpaka yaanguliwe. Kaendelea kunoa chuma chake cha kuchokolea pweza.

Jumatano, 8 Oktoba
Naandika hapahapa mwambani, daftari limelowa. Mwamba umefunguliwa! Wanawake kama sitini, ndoo, vigelegele. Shangazi kanitangulia shimoni. Pweza kapauka, kanyauka — bado anapuliza. Katika kila yai vidoti viwili vyeusi. Macho! Zimebaki siku mbili tatu tu yaanguliwe. Shangazi kainama, katazama weee, chuma mkononi.

Kisha kaketi. Palepale mdomoni mwa shimo, kanga kaitandaza.

Hajainuka tangu hapo. Wenzake wana pweza sita, saba. Ndoo yake tupu. Maji yameanza kujaa. Jirani yetu Batuli kaja: kama miguu imemshinda, amchokolee yeye? Shangazi kasema humu hamna kitu. Shangazi, anayenigombeza kwa uongo wa utani! Batuli kacheka, kaegemea chuma chake — basi sogea, shoga, nione.

Shangazi hasogei. Ananitazama mimi, mwenye daftari la hesabu ya mashimo.