Mtoto wa Shoga Yangu Haitiki Jina Lake

Mshauri mpendwa, nisaidie, maana nina neno limenikaa kooni kama mwiba wa samaki, nikitaka kulitema naona aibu, nikilimeza linanikwaruza zaidi. Mimi ni msusi, nina saluni ndogo na shoga yangu, tunachangia kioo, kodi na umbea, na huwa anakuja na binti yake wa miaka minne, mtoto mzuri hasa, ila ukimwita jina haitiki, unaita mpaka wateja wanaitika wao, naye anaangalia feni tu inavyozunguka, na akitaka maji hasemi wala haonyeshi kidole, anakushika mkono anakupeleka hadi bombani na kukuwekea mkono wako juu ya koki kana kwamba wewe ni spana, na drai ya kukaushia nywele ikiwaka anajibanza nyuma ya pazia akiziba masikio na kupiga mayowe, lakini tangazo la sabuni la redioni analisema lote bila kukosea, ndiyo maana mama yake anasema huyu atakuja kuwa mtangazaji.

Mimi si daktari, lakini mtoto wa dada yangu alikutwa na usonji na nilikuwa nawasindikiza kliniki, kwa hiyo naona ninachokiona. Wengine nao wanaona yao. Mama mkwe wa shoga yangu anasema mtoto karithi kiburi cha upande wa mama, baba mtu anasema ukoo wao huchelewa kusema kisha husema mpaka watu wakajuta, na wateja, ambao wakishakaa kwenye kiti wote ni maprofesa, wanasema dawa yake fimbo.

Nilijaribu kumwambia, tena kwa busara. Nilitafuta kwenye simu video ya daktari anayeeleza dalili za usonji, nikaifungulia sauti yote wakati shoga anasuka, ili asikie mwenyewe nami nisionekane nimesema. Akasikiliza hadi mwisho, mkono umesimama kichwani kwa mteja, kisha akasema, "Masikini, wazazi wao wana mtihani. Sisi tushukuru Mungu, wetu wazima." Nami nikajibu, "Kweli kabisa, shoga."

Juzi ndipo mambo yalipoharibika. Aliingia mama mmoja mtu mzima, akamwinamia mtoto, "Wewe, hujui kuamkia wakubwa?" Mtoto akampita kama anapita kiti. Yule mama akasema saluni nzima isikie, "Malezi ya siku hizi!" Shoga yangu akamvuta mwanawe, akamchapa mapajani mbele yetu, "Amkia! Nimesema amkia!" Mtoto akalia, na katikati ya kilio akaanza lile tangazo la sabuni, watu wakaangua kicheko, mimi nikajitia natafuta kitana. Shoga alimbeba akaingia naye stoo, na nilipomfuata nilimkuta kakaa juu ya ndoo, anakata lebo ya shingoni kwenye gauni jipya la mtoto, kama anavyokata kwenye nguo zake zote, maana yenye lebo mtoto huivua. Hakuniangalia. Nikamwambia mteja wake anasubiri.

Nimeshamweleza mume wangu, dada yangu, muuza vocha wa jirani na mteja mmoja muuguzi, wote wanasema nimwambie mwenyewe. Lakini akiona nimemtabiria mwanawe mabaya, si saluni itavunjika? Na kama nimekosea? Au niwaachie walimu wa chekechea?

Msusi Mwenye Mdomo Mzito

*

Msusi,

Mdomo mzito? Pole. Mumeo anajua, dada yako anajua, muuguzi anajua, hadi muuza vocha ana taarifa kamili. Asiyeambiwa ni aliyemzaa tu. Mdomo wako hauna uzito wowote, dada yangu, unabisha hodi mlango usio wake.

Na hongera kwa video. Ulitaka simu iseme ukweli ili wewe ubaki na urafiki. Shoga yako alipokupa nafasi, ukamwitikia kama kwaya.

Unadhani hajui? Mkono wake ulisimama kichwani kwa mteja. Anakata lebo gauni baada ya gauni. Anajua mwanawe ana namna yake, ila hajui namna hiyo inaitwaje, na anaogopa kulisikia jina hilo kwa watu wanaocheka. Wewe ukamkuta juu ya ndoo na huzuni yake, ukamkumbusha foleni.

Ukikosea, mtoto atapimwa, ataonekana hana, na shoga atakununia. Kununiwa hakujaua mtu. Ukinyamaza, mtoto atachapwa tena kwa jambo asiloliweza, na siku mama atakapoelewa, kila kofi litamrudia yeye. Walimu wa chekechea waache na kazi yao, usiwarithishe woga wako.

Basi sikiliza. Mfuate siku saluni imefungwa, wawili tu. Mtoto asiwepo, kwa sababu kutoitika si kutosikia. Usimwambie mwanawe ana usonji, cheti chako ni cha kusuka. Mwambie ulichokiona kwa macho yako: jina, bomba, drai. Msimulie habari za mtoto wa dada yako, na anayoyaweza leo. Kisha nyamaza, najua hapo nimekupa kazi. Akilia, kaa. Akikufukuza, ondoka, kesho mpe salamu ileile. Akikubali, usimpe namba ya daktari ukadhani umemaliza. Nenda naye, mkakae benchi moja. Na profesa yeyote atakayetaja fimbo, msuke upande mmoja, umwambie upande wa pili akasukwe na aliyelelewa vizuri.

Majibu haya nilimtumia msusi kabla hayajachapwa. Jana akaniandikia: "Nimemwambia. Akaniuliza nimejua tangu lini. Nikasema tangu mwaka jana. Mshauri, nimetukanwa matusi ambayo sikujua kama yapo. Aliponyamaza akafuta uso, akauliza, 'Hiyo kliniki wanafungua saa ngapi?'"

Matusi hayo ni halali yako, msusi. Kliniki nyingi hufungua saa mbili asubuhi. Fika kabla yake.