Filme ya Noeli kwa Gare ya Kolwezi

Jumatatu, 13 Desemba

Nimepanguza mashini ya sinema. Lenzi, taa, mikanda. Kila Desemba ni kazi yangu, na Kolwezi muzima hakuna mwingine anayeiweza. Mwaka moja padiri alijaribu, akachoma kipande ya filme. Tangu ile siku ananiita Injinieri. Masomo niliacha darasa la sita, ndiyo. Lakini nimefika Ndola, nimefika Lobito, nimepanda ndege mpaka Kinshasa. Kuko mainjinieri ambao hawajafika hata Likasi.

Filme ni moja tu, masista balituachia. Baba wa familia anafukuzwa kazi ya muchimbo wa makaa, Noeli inakaribia, nyumbani hakuna kitu. Banaongea luga ya kwao, hakuna anayeisikia. Basi mi napunguza sauti, nashika mikro, nasema yote kwa Kiswahili. Baba nilimupa jina Tata Zefu. Muzee wa ndevu nyeupe nilimufanya mukubwa wa personeli, ule wa kuandika na kufukuza bantu ba kazi. Theluji, batoto balisema ni unga. Nikaacha iwe unga, nasema kwa mikro: Inchi ambayo unga inaanguka toka mbinguni, na bantu banalala njaa bilebile! Hapo sale nzima ya parokia inakufa na kicheko.

Mwaka huu sijui nani atacheka. Nusu ya viti ilikuwa ya Bakasai, bale ambao bazee babo balitoka Kasai kufanya kazi ya muchimbo. Sasa balifukuzwa manyumba, banalala kwa gare ya treni.

Jumatano, 15 Desemba

Kazi hakuna. Matingatinga ya muchimbo wa Mashamba yamesimama, mi dereva nimesimama nayo. Mushahara imekuwa hadisi.

Muke wangu Ngalula alipeleka bukari, ule ugali wetu, kwa mama yake. Mama Kapinga iko pale gare tangu mvua ya kwanza, nyumba yake bijana balichukua, na milango na mabati. Leo balimwambia treni ya Kasai itakuja kisha Noeli kupita. Ngalula alirudi, akaanza kukunja nguo za batoto. Mi nikamushikia mufuko tu. Mi, mwenye kuweza kumuuzia samaki muntu wa ziwa Mweru.

Ngalula alizaliwa hapa hapa. Kasai anaijua kwa picha moja, ya babu yake na kofia. Bale banaopiga kelele "Bilulu batoke!", banaita bantu badudu, hawaulizi ulizaliwa wapi.

Ijumaa, 17 Desemba

Dodo alikuja, mutoto wa jirani. Siku za filme nilikuwa namubeba kwa mabega ili aone. Sasa iko na fimbo, na benzake wawili.

"Tata Muteba, weye uko muntu yetu, wa Mutshatsha, hapa Katanga. Hatuna neno na weye. Lakini ile muke..."

"Ile muke iko na jina."

"Arudi kwao, tata. Tutakutafutia mwingine."

"Mwingine wa kunivumilia mi? Mutatafuta mpaka Angola, bijana."

Balicheka. Nikacheka. Nikafunga mulango, nikasukuma meza nyuma yake. Nina woga. Hakuna anayesoma hapa, basi naandika: nina woga.

Jumapili, 19 Desemba

Padiri anasema mwaka huu hakuna filme. Sale iko karibu na barabara, bijana batatuchoma. Nikamwambia: tupeleke mashini kwa gare. Hanga ya mizigo ukifunga mulango, hata muchana ni giza. Akanipa grupe yake ya umeme na mazuti yote ya kuiwasha aliyoweka kwa misa ya Noeli. Misa atafanya na mishumaa. Ule padiri, Mungu amupe maisha.

Mangaribi mama ya Dodo aliweka beseni ya unga kwa mulango wetu. "Ya mama ya Ngalula. Mutoto wangu asijue." Akaenda mbio.

Alhamisi, 23 Desemba

Tumegombana, mi na Ngalula. Nilisema, "Hauendi." Nilisema kama mukubwa wa kituo.

"Mama iko na muguu mubaya. Nani atamushusha kwa treni?"

"Batoto banabaki na mi."

"Batoto ni nusu Bakasai, Muteba. Ile fimbo ya Dodo itajua kupiga nusu?"

Nikatoka, nikapasua kuni zilizokwisha kupasuliwa.

Ijumaa, 24 Desemba

Hanga ilijaa. Bantu juu ya magodoro, juu ya mashini za kushona, juu ya mafungo ya nguo. Kwa ukuta tulipiga misumari shuka yetu ya harusi. Ngalula mwenyewe aliileta, hatujaongea tangu jana. Grupe ikakohoa, ikashika.

Nilianza muzuri. Sauti yangu ni sauti, hata redio ya Lubumbashi ingenichukua kama balikuwa na akili. Tukafika kwa theluji. Nikasema maneno ya siku zote, inchi ya unga. Hakuna aliyecheka. Mutoto mumoja tu aliuliza, "Mama, kule tunaenda, unga inaanguka hivi?"

Nikageuka kutafuta ule mutoto. Filme haingojei. Tata Zefu anachukua mufuko, anaenda mbali kutafuta kazi, muke wake anasimama kwa mulango. Pale muke anapashwa kuongea. Mikro nikaishusha kidogo. Nilikuwa namuona Ngalula kwa ile mulango.

Basi sauti ya mumama ikatoka kwa giza:

"Zefu, we Zefu! Mi sikuolewa na mushahara!"

Ni Mama Kapinga. Na muzee mumoja kwa nyuma akajibu mahali ya Zefu: "Na mi sikuoa sufuria!" Kisha hanga nzima. Balijua yote, matusi ya mwenye nyumba, wimbo wa batoto, yote niliyotunga mwenyewe. Hata mahali ninapokohoa, balikohoa. Niliweka mikro chini. Nililia kama mutoto, na nilicheka, na taa iliangaza shuka tu, hakuna aliyeniona.

Hapo mulango ukafunguka. Dodo, na benzake, na fimbo. Mama mumoja alifunika mutoto na kitambaa. Kwa shuka mukubwa wa personeli alikuwa anateleza juu ya nyumba na zawadi zake zote, akaanguka kichwa chini. Dodo akacheka. Kile kicheko chake cha udogo, kilimutoka mbele ya kukumbuka fimbo yake. Alisimama kidogo. Akatoka, akafunga mulango muzuri, mwanga usiharibu picha.

Jumamosi, 25 Desemba

Banasema jana mangaribi Dodo alionekana anabeba mabati ya nyumba ya Mukasai mumoja. Sijui nifanye nini na ile kicheko na ile mabati. Naandika yote mawili.

Tulikula sombe, majani ya mihogo. Chumvi kidogo, batoto wote bazima. Kisha nilimuuliza Ngalula muzuri, bila kupandisha sauti, unataka nini.

"Kumufikisha mama. Na weye ukuwepo."

"Kule mi ndiye nitakuwa mugeni. Batanifukuza mi."

"Nitasema uko bwana yangu."

"Batasikia mudomo wangu ni wa Katanga."

"Mudomo wako ni wa inchi zote," akasema.

Nimesifiwa mara nyingi, na mara nyingi ni mi mwenyewe niliyejisifu. Hii ya leo inapita zote. Nikamwambia ninaenda.

Jumatatu, 27 Desemba

Treni imefika. Mashini niliacha kwa padiri. Mama ya Dodo alikuja kuchukua ufunguo, atalala kwetu na mukeka wake ili nyumba isichukuliwe. "Mutoto wangu atapita juu yangu kwanza." Nilitaka kumushukuru na mzaha. Mzaha haikukuja. Nilimushika mikono tu.

Kwa gare kasheshe. Vagoni ni ya mizigo, iko juu, haina ngazi. Mama Kapinga na muguu wake hawezi. Na kwa desturi yao mukwe hamugusi mama-mukwe, hamuangalii machoni, miaka yote tumesalimiana kupitia Ngalula. Nilinyoosha mikono, akarudi nyuma. Bantu banasukuma, firimbi inalia. Ngalula anamuomba kwa Tshiluba, luga ya Kasai, mama anakataa.

Kisha mama akajifunika kichwa chote na kitambaa. Akasema kwa nguvu, kusudi nisikie:

"Ngalula! Mwite yule bwana wa sinema anisaidie. Mukwe wangu haiko hapa."

Bwana wa sinema akaja. Nikamubeba, nikamupandisha. Ni mwepesi kama mufuko wa makaa uliobaki vumbi.

Alhamisi, 30 Desemba

Treni imesimama porini tangu asubui. Mvua. Sijui tuko wapi, mi niliyefika kila mahali. Batoto banalala, Ngalula anachagua muchele kwa kitambaa. Kwa stasio ya jana bantu tusiowajua balitupa mihogo kupitia mulango, hawakutaka kitu.

Nafasi hakuna. Mama Kapinga amenipa mugongo, kwa ajili ya heshima, na mi nimemupa wangu. Treni ikitikisika tunaegemeana. Mugongo wake iko na joto. Amelala. Sisogei.