Shemeji Anadai Neno la Siri la Mashine Yangu ya Vifaranga

Mshauri, sikuandikii kuomba huruma, nataka uniambie kama nimekosea au la, maana nyumba nzima imenigeukia. Natotolesha vifaranga, kazi niliyoianza kwa mikono yangu, na mashine yangu ni ya kisasa, joto lake unalipandisha na kulishusha kwa simu kupitia ukurasa wake wa intaneti, ambao aliuunganisha shemeji yangu, kaka mkubwa wa mume wangu, tunayemwita Injinia ingawa anauza matairi, akaufungua ili aweze kuingia akiwa popote, akaacha neno la siri lilelile la kiwandani, kisha akalituma kwenye kundi la familia la simu, eti sisi ni damu moja, hatufichani. Mwezi uliopita mtu tusiyemjua, fundi anasema huenda yuko hata ng'ambo, akaingia humo akazima joto, nikafungua mashine asubuhi nikakuta mayai yamepoa, yote, na ndani vifaranga walikuwa wameshaota manyoya. Nililia, sikufichi. Kisha nikabadilisha neno la siri, nikaweka jina la mwanangu wa kwanza, sikumpa mtu. Sasa mama mkwe anauliza, "Mke gani huyu anamfungia shemeji yake mlango?" na mume wangu anasema, "Mpe tu, yaishe," na Jumapili wameniitia kikao, wakati mayai mengine yako ndani, ya wateja walioniamini mara ya pili. Mimi sitoi. Nimekosa adabu?

Mama Vifaranga

Mama Vifaranga, pole kwa hasara. Adabu hujakosa. Anayetakiwa kuona haya ni huyo Injinia wa matairi, aliyeacha mlango wako wazi kwa dunia nzima halafu anadai ufunguo mpya.

Lakini na wewe nikupashe. Jina la mwanao wa kwanza? Dada yangu, si ndilo mtaa mzima unalokuitia, mama fulani, tangu ulipojifungua? Hata muuza maji analijua. Shemeji yako angetulia kidogo akafikiri, angeshaingia. Libadilishe kabla hujamaliza kusoma gazeti hili, weka maneno manne yasiyohusiana, yasiyogusa ukoo wenu, na usiyatumie popote pengine.

Kisha mwite fundi leo. Aufunge huo ukurasa usifikiwe kutoka nje, mashine aipe mtandao wake, mbali na ule wa watoto kuangalia katuni, na programu yake aisasishe, maana watengenezaji huziba matundu na wewe huna habari. Ukihitaji kuiangalia ukiwa safarini, akuwekee njia salama, yako peke yako. Na aweke kengele ya joto inayolia hapohapo chumbani hata intaneti ikikatika. Shemeji akitaka kujua hali ya mayai, apige simu akuulize.

Mumeo mwambie mapema, mkiwa wawili, kwamba wateja hawa wakipoteza mayai hawatarudi, na hiyo "yaishe" yake itakuwa ni kazi yako ndiyo iliyoisha. Kikaoni nenda, vaa vizuri, mwamkie mama mkwe kwa heshima zote. Wakikuuliza kama umefunga, sema ndiyo, nimefunga, na sifungui. Wakinuna, waache wanune. Wewe inuka, uwaage, urudi kazini kwako.